Limita kwa studio ya nyumbani: Ipi ni nafuu, na je, unaihitaji kweli?

Msanii ameimba vizuri dakika tatu nzima. Anafika kwenye kiitikio cha mwisho, anapandisha sauti, taa nyekundu inawaka kwenye kadi ya sauti, na neno moja linatoka limepasuka. Hapo prodyuza ana njia mbili: kurudia kurekodi, au kuuacha wimbo hivyo hivyo na kuomba mungu watu wasisikie.

Chumba chenyewe kinaweza kuwa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, pale barabara ya Manyovu inapochepuka kuelekea mpaka wa Burundi. Kinaweza pia kuwa Ujiji au Kasulu. Vifaa havitofautiani sana: laptop, kadi ya sauti, maiki moja, hedifoni na godoro lililoegeshwa ukutani.

Vipaji si tatizo la mkoa huu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walikutana kwenye wimbo mmoja, Leka Dutigite. Kinachowakwamisha wengi wanaoanza ni ubora wa sauti wanayorekodi.

Ushauri wa haraka anaopewa mwenye tatizo la sauti kupasuka ni mmoja: "Tafuta limita." Si ushauri mbaya, ila haujakamilika. Limita ziko za aina tofauti, nyingine ni za bure kabisa, na ukinunua isiyogusa tatizo lako, hela imekwenda na sauti bado inapasuka.

Limita ni nini?

Limita ni kifaa au programu inayoweka ukomo wa sauti. Unachagua kiwango, na sauti yoyote inayotaka kuvuka hapo inashushwa papo hapo. Iliyo chini ya kiwango hicho inapita bila kuguswa.

Ni ndugu wa kompresa. Kompresa hupunguza kwa uwiano: ikiwekwa 4 kwa 1, sauti iliyovuka kiwango kwa desibeli 4 inatoka ikiwa imevuka kwa desibeli 1 tu. Uwiano ukifika 10 kwa 1 na kuendelea, mafundi wengi huanza kuiita limita. Limita nyingi za kompyuta huenda mpaka mwisho: hakuna kinachovuka.

Kinachozuiwa ni kilele, yaani ile sehemu fupi ambako wimbi la sauti linapanda juu kuliko kwingine. Kofi la ngoma ni kilele. Herufi P iliyotamkwa karibu na maiki ni kilele. Mwimbaji akipanda ghafla, naye anatoa kilele.

Katika kurekodi kidijitali, ukomo wa juu ni sifuri. Viwango vingine vyote huandikwa kwa hasi: -6, -12, -20. Kadi ya sauti haina namba ya kuandika juu ya sifuri, hivyo wimbi likifika hapo linakatwa kichwa, na sikio linasikia mkwaruzo.

Enzi za tepu ilikuwa tofauti kidogo. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, na sauti ikaingia kwenye utepe wa sumaku. Utepe ukizidiwa huanza kuibana sauti taratibu kabla haijaharibika. Kompyuta haina huruma hiyo.

Kwanza jua: sauti inapasukia wapi?

Hili ndilo swali la kujiuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Sauti inapita sehemu tatu, na kila moja inaweza kuiharibu.

1. Kwenye maiki na kikuza sauti. Kikuza sauti kiko ndani ya kadi ya sauti, na unakiongoza kwa kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa "Gain".

2. Kwenye kibadilishi. Hapa umeme unaotoka kwenye maiki unageuzwa kuwa namba. Taa nyekundu ya kadi ya sauti inatoa taarifa ya hapa.

3. Ndani ya programu. Ngoma, besi, gitaa na sauti za waimbaji zinapojumlishwa, jumla yake inaweza kuvuka sifuri hata kama kila traki peke yake iko salama.

Limita ya kompyuta inafanya kazi kwenye hatua ya tatu tu. Sauti iliyokatwa kwenye kadi inafika kwenye kompyuta ikiwa imeshakatwa. Limita itaishusha, lakini mkwaruzo utabaki palepale, kwa sauti ndogo zaidi.

Kuna jaribio la dakika moja. Vaa hedifoni, cheza traki ya mwimbaji peke yake, kisha ishushe kabisa mpaka isikike kwa mbali. Mkwaruzo ukiendelea, sauti ilipasuka wakati wa kurekodi. Ukiisha, tatizo liko kwenye kuchanganya, na limita ya bure inatosha.

Unaweza pia kuvuta picha ya wimbi karibu kwenye skrini. Vilele vyenye vichwa bapa, kama vimekatwa kwa panga, ni dalili ya sauti iliyopasuka mwanzoni.

Kinga ambayo hainunuliwi

Sehemu kubwa ya matatizo ya studio za nyumbani inatokana na kurekodi kwa sauti ya juu mno. Wengi bado wanaamini kwamba lazima mita ikaribie nyekundu ili sauti iwe nzito. Hiyo ilikuwa na maana zaidi enzi za tepu, ambako sauti ndogo ilimezwa na mvumo wa utepe.

Kidijitali, kila biti moja ni takriban desibeli 6. Kwa hesabu hiyo, biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi, na biti 24 zinafika kama 144. Kwa hiyo ukirekodi kwa biti 24 unaweza kuacha nafasi kubwa juu bila kupoteza chochote kinachosikika.

Angalia kadi yako kabla ya kuilaumu. Behringer U-Phoria UM2, ambayo ni ya bei ya chini, inaishia biti 16. UMC202HD ya kampuni hiyohiyo inafika biti 24.

Halafu fuata hatua hizi:

- Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote. Usipime kwa ubeti wa kwanza ulio mpole.
- Zungusha "Gain" mpaka vilele viguse kati ya -12 na -10.
- Kisha punguza kidogo tena. Msanii akipata mzuka huimba kwa nguvu kuliko alivyofanya kwenye majaribio.
- Kama kadi ina kitufe kilichoandikwa "Pad", kitumie kwa ngoma au mwimbaji mwenye sauti kubwa. Kinashusha sauti, mara nyingi kwa desibeli 10 au 20, kabla haijafika kwenye kikuza sauti.

Umbali nao ni kinga. Mwimbaji akitoka sentimita 10 mpaka 20 mbele ya maiki, sauti inayoingia inashuka kwa takriban desibeli 6. Akizoea kurudi nyuma kidogo anapopanda, na kusogea anaposhuka, anafanya kazi ya limita kwa miguu yake.

Kwa herufi P na B, kizuizi cha upepo kinatengenezwa nyumbani: waya uliokunjwa duara na soksi ya nailoni iliyovutwa juu yake. Kiweke kati ya mdomo na maiki.

Limita za bure na za bei ndogo

Kama jaribio limeonyesha kwamba sauti yako inapasukia kwenye kuchanganya, hizi hapa ni njia zinazofahamika.

Audacity. Ni programu ya bure, na haina toleo la kulipia. Toleo la 3.6, lililotoka mwaka 2024, lilileta kompresa na limita mpya. Inafaa kwa anayeanza, kwa kaswida, mahubiri, mahojiano na nyimbo zenye traki chache.

LoudMax. Hii ni plagini ya bure iliyotengenezwa na Thomas Mundt. Ina vitelezi viwili tu vya kazi: kimoja cha kiwango cha kuanzia, kingine cha ukomo wa kutokea. Ni nyepesi kwa laptop za zamani, na inapachikwa ndani ya programu nyingi za kurekodi.

Fruity Limiter. Wanaotumia FL Studio tayari wanayo. Inakuja ndani ya programu, na ina upande wa limita na upande wa kompresa. Mtu mwenye FL Studio halali hana sababu ya kuhangaika kutafuta nyingine kwa kuanzia.

REAPER. Programu hii inaruhusu kujaribu kwa siku 60 bila kufungiwa kitu. Leseni yake ya bei ya chini, kwa watu binafsi na biashara ndogo, ni dola 60 za Marekani, takriban shilingi 150,000. Ndani yake kuna limita inayoitwa ReaLimit. Faili la kupakua ni dogo ukilinganisha na programu nyingine, jambo la maana kwa anayetumia bando.

BandLab. Hii inafanya kazi kwenye simu. Ni ya bure, na ina huduma ya kumalizia wimbo ambayo ndani yake sauti inabanwa na kuwekewa ukomo. Huna vitufe vingi vya kuamua mwenyewe, lakini kwa demo ya haraka inasaidia.

Tahadhari moja: programu za krak. Ziko nyingi mtaani, zinahamishwa kwa flashi, na nyingine zinabeba virusi. Kompyuta ya studio ndiyo inayotunza nyimbo za watu. Kuihatarisha kwa ajili ya limita, wakati LoudMax ni bure, haina faida.

Jinsi ya kuiweka

Limita ya kumalizia wimbo huwekwa mwisho kabisa, kwenye traki kuu ambako sauti zote zinakutana.

1. Tafuta sehemu ya ukomo, ambayo programu nyingi huiandika "Ceiling" au "Output". Iweke -1. Usiiache sifuri, kwa sababu wimbo unapogeuzwa kuwa MP3 au kutumwa WhatsApp, vilele vinaweza kupanda kidogo na kupasuka upya.

2. Cheza sehemu ya wimbo yenye kelele kuliko zote.

3. Shusha kiwango cha kuanzia, "Threshold", taratibu huku ukitazama mita ya upunguzaji. Ikionyesha inapunguza desibeli 2 au 3 kwenye vilele, simama hapo.

4. Kama inabidi ipunguze desibeli 6 au zaidi, rudi kwenye kuchanganya. Mara nyingi kuna traki moja inayosumbua, besi au ngoma kubwa. Ishushe yenyewe.

5. Linganisha wimbo ukiwa na limita na bila limita, ukihakikisha zote mbili zina ukubwa sawa masikioni. Sauti kubwa zaidi hudanganya sikio lione ni nzuri zaidi.

Usitumie limita hii wakati mwimbaji anajisikiliza kwenye hedifoni. Limita nyingi za kompyuta huchelewesha sauti kidogo ili zichungulie kilele kinachokuja, na mwimbaji atajisikia amechelewa nyuma ya midundo.

Limita ya chombo: lini inunuliwe?

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mtu anaona sanduku la chuma lenye vitufe na taa, anaambiwa "hii ndiyo limita ya studio", anatoa laki kadhaa, kisha anagundua hana pa kulichomeka.

Vyombo vya bei ya kati vinavyojulikana ni kama Behringer MDX2600, dbx 166XL na Alesis 3630. Vyote ni vya chaneli mbili, na vinabana sauti vizuri vikitumiwa mahali pake.

Tatizo ni hilo la mahali. Vyombo hivi havichukui maiki moja kwa moja. Vinataka sauti iliyokwisha kukuzwa. Maana yake njia sahihi ni hii: maiki, kisha kikuza sauti cha nje au mikisa, kisha limita, kisha kadi ya sauti.

Mwenye kadi ndogo na maiki moja hana kituo hicho cha katikati, kwa sababu kikuza sauti na kibadilishi vimefungwa ndani ya boksi moja. Akiichomeka limita baada ya kadi, anabana sauti inayokwenda kwenye spika, wakati kinachorekodiwa hakijaguswa.

Kwa hiyo chombo kinafaa kama una mikisa yenye matundu yaliyoandikwa "Insert", au unarekodi tukio lisilorudiwa: kwaya kanisani, harusi, bendi ikipiga mubashara. Kwa mwimbaji mmoja chumbani ambaye anaweza kurudia ubeti, kupunguza "Gain" kunamaliza kazi hiyohiyo bure.

Kuna jambo la umeme pia. Kigoma iliishi miaka mingi ikitegemea jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa, na wenye studio wanajua maana ya kukatika katikati ya kazi. Limita iliyo ndani ya laptop inaendelea kwa betri. Sanduku la chuma linazima.

Ukinunua mtumba, kagua haya

- Volti. Tanzania inatumia volti 230. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani ni volti 120, na vya Japani ni 100. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka, vinginevyo utakiunguza siku ya kwanza.
- Adapta. Alesis 3630 inatumia adapta ya nje ya volti 9 za AC. Adapta za kawaida za mtaani nyingi hutoa DC, na haziwezi kuiwasha ipasavyo.
- Vitufe. Zungusha kila kimoja sauti ikiwa inapita. Kikitoa mkwaruzo, kina vumbi au kimechakaa.
- Mvumo. Chomeka hedifoni, usipitishe sauti yoyote, sikiliza. Mngurumo mzito ni dalili ya tatizo la umeme au nyaya.
- Chaneli zote mbili. Zijaribu kila moja peke yake. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka.

Njia mpya: kadi na rekoda zinazojilinda

Kabla ya kununua sanduku la chuma, linganisha bei yake na vifaa vipya vyenye kinga ndani.

Kadi za Focusrite Scarlett 2i2 na 4i4 za kizazi cha nne, zilizotoka mwaka 2023, zina huduma inayoshusha "Gain" yenyewe sauti inapokaribia kupasuka. Ndugu yao mdogo, Scarlett Solo ya kizazi hichohicho, haina huduma hiyo. Usichanganye majina.

Njia nyingine ni rekoda za biti 32 za desimali elea. Mfumo huu unaandika sauti kwa namna inayoacha nafasi kubwa mno juu ya sifuri. Faili likionekana limevuka, unalishusha baadaye na wimbi linarudi zima. Zoom H1essential, iliyotoka mwaka 2024 kwa bei ya takriban dola 100 za Marekani kabla ya usafiri na kodi, inatumia mfumo huo na haina hata kitufe cha "Gain".

Kwa anayerekodi ngoma uwanjani au kwaya ya watu 30, rekoda ya aina hii inaweza kuwa na faida kuliko limita. Ila nayo ina mpaka: maiki zake zenyewe zinazidiwa sauti ikifika desibeli 120 hewani. Usiiweke sentimita chache kutoka kwenye ngoma kubwa.

Sauti kubwa haiupi wimbo ushindi

Wengine wanatafuta limita kwa sababu tofauti: wanataka wimbo wao ulie kwa nguvu kuliko wa mwenzao. Mbio hizo zilichochewa na limita za kompyuta kama Waves L1, iliyotoka mwaka 1994.

Leo faida yake imepungua. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni hupima ukubwa wa kila wimbo kwa kipimo kinachoitwa LUFS, kinachofuata jinsi sikio linavyosikia, kisha zinausawazisha. Spotify inalenga -14 LUFS na inashauri vilele visivuke -1. YouTube nayo hushusha nyimbo zilizozidi.

Wimbo uliobanwa mpaka -7 LUFS utashushwa kwa desibeli 7 hivi. Utakuwa na ukubwa sawa na wa mwenzako, isipokuwa ngoma zake zitakuwa zimebapa. Kupima, kuna Youlean Loudness Meter, ambayo ina toleo la bure.

Kwa kifupi: anza wapi?

- Huna hela kabisa: rekodi kwa biti 24 kama kadi inaruhusu, vilele viishie -10, tumia limita ya Audacity au LoudMax.
- Una kama laki moja na nusu: leseni ya REAPER, au weka akiba ya kadi yenye biti 24 kama yako ni ya 16.
- Unarekodi kwaya, ngoma au harusi: fikiria rekoda ya biti 32 za desimali elea kabla ya limita ya chombo.
- Una mikisa yenye "Insert" na kazi za mubashara: hapo limita ya chombo ina kazi. Kagua volti kwanza.

Na kama taa nyekundu bado inawaka kwenye kadi ya sauti, hakuna programu ya bei yoyote itakayoliokoa neno lile. Shusha "Gain", mrudishe mwimbaji kwenye maiki, arudie ubeti.